Pumzi ya Velten Dauth

Pua ya Velten Dauth ilivunjwa na mkanda wa chuma wa pipa alipokuwa bado anajifunza kazi, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa mtaa wa Sachsenhausen, mjini Frankfurt, aliyewahi kushtukizwa naye. Alikuwa fundi mapipa, mpana wa mabega na mpole wa moyo, na kila alipovuta pumzi kubwa pua ile ilitoa mlio kama mvukuto wa mhunzi. Mkewe, Settchen, aliulalamikia mlio huo mwaka mzima wa kwanza wa ndoa yao. Baadaye hakuweza kupata usingizi asipousikia, na Velten alipokwenda kulala kwa dada yake kule Hanau kwa ajili ya mazishi, mama wa watu alikesha akitazama nyufa za dari.

Ukimweka Settchen kando, Velten alipenda kitu kimoja duniani, nacho ni Alhamisi. Jioni ya Alhamisi alikuwa akinawa vumbi la mwaloni, anavaa shati la kola ngumu, anakwenda kwenye kilabu cha mvinyo wa matufaha cha mtaa wa pili. Huko, katika chumba cha nyuma, wanaume wa chama cha waimbaji cha Upatano walifanya mazoezi. Alisimama mstari wa mwisho, besi ya pili, yaani sauti ya chini kabisa, kati ya mtengeneza kufuli na mzee mmoja wa posta. Na tuseme ukweli, maana marehemu hapendezwi na sifa za uongo: Velten hakuwa na sauti. Alichokuwa nacho ni ngurumo. Wimbo upande, wimbo ushuke, yeye alibaki palepale akiwangoja wenzake warudi. Lakini katika kundi la wanaume wazima wenye mvinyo tumboni, nani atajua? Aliimba miaka nenda miaka rudi, akapewa nishani ya uaminifu, akafurahi, na hakuna aliyedhurika.

Shari ililetwa na mwenye bucha. Mwaka 1911 mwalimu mzee aliyekuwa akiiongoza Upatano alifariki, na kijiti cha kuongozea kwaya kikaangukia mikononi mwa mwenye bucha huyo, Konrad Emmerich. Si mtu mbaya, Emmerich. Mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa, masharubu yake yangetosha watu wawili, na sikio lake lilikuwa zuri kwelikweli. Ila alikuwa na donda moja lisilopona, na donda hilo liliitwa Bornheim. Kila mwaka, Jumanne ya baada ya Pentekoste, Frankfurt nzima hufunga maduka adhuhuri na kwenda msituni kula, kunywa na kukanyagana. Vyama vya waimbaji vilishindania kikombe hukohuko chini ya miti, na kila mwaka watu wa mtaa wa Bornheim walikichukua, kisha wakarudi nacho kwao wakipita mbele ya bucha ya Emmerich, makusudi, polepole.

"Watu husema samaki mmoja akioza wameoza wote," Emmerich aliwaambia wenzake Alhamisi moja ya mwezi wa nne. "Mimi sijui samaki. Mimi najua soseji, na ni vilevile. Leo kila mtu ataimba peke yake, nisikie."

Jamani, chumba kile kiliingia baridi. Mtu hujiunga na chama cha waimbaji ili asiimbe peke yake. Walitazamana kama watu walioambiwa wavue suruali. Lakini Emmerich alikuwa ameshagonga uma wa sauti mezani, akauweka sikioni, na mmoja baada ya mwingine wakajikongoja mbele. Wengi walipita, japo mtengeneza kufuli alitokwa na jasho hadi kola ikalegea.

Ikafika zamu ya Velten. Alivuta pumzi, pua ikalia, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wao wa mashindano, ule wa wavushaji wa mto Main. Alipomaliza, mzee wa posta alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Ndugu Velten," alisema Emmerich, kwa sauti ya daktari, "sauti yako ina uzito."

"Asante."

"Na bendera yetu nayo ina uzito. Nimekuwa nikiwaza: inataka mtu wa mabega. Mtu wa kuheshimika."

Akufukuzaye hakwambii toka. Velten aliielewa heshima ile yote, akaipokea bendera na mti wake, akaaga watu.

Nyumbani alimkuta Settchen akimenya viazi. "Nimepandishwa cheo," alisema.

"Cheo gani hicho?"

"Mbeba bendera."

Settchen alikiweka kisu chini. "Na kuimba je?"

"Mbeba bendera haimbi. Mikono yake imejaa."

"Velten wee, tangu lini watu wanaimba kwa mikono?"

Alitaka kucheka, na midomo ikaanza, ila kicheko hakikufika. Aliketi kwenye kiti cha jikoni na bendera magotini. Iliuma. Iliuma kuliko ule mkanda wa pipa, kwa sababu pua aliiuguza mbele ya watu waliomwonea huruma, na hili aliliugulia mbele ya watu waliomwambia hongera.

Sasa, akina Dauth walikuwa na mpangaji, kijana mmoja wa Graz huko Austria aitwaye Ottokar Wessely. Alisomea elimu ya nafsi, yaani saikolojia, kwenye Akademia ya mjini na alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Alimpenda Velten, na huzuni ya nyumba ile ilimkosesha raha hata ya chakula. Jumapili, baada ya mayai na mchuzi wa kijani, alisafisha meza, akapanga glasi za mvinyo wa matufaha mstari mmoja, akamwaga humu na kuongeza mle, kisha akazigonga kwa kijiko. Ukatoka wimbo wa wavushaji, mzima, kila mtu akautambua.

"Huu ni wimbo gani, Mama Dauth?"

"Nimeolewa na mbeba bendera wake, unaniuliza mimi?"

Ottokar akaanza kunywa. Glasi hii mafunda mawili, ile matatu, akigonga na kusikiliza, akinywa tena, uso ukimwiva. Kisha akapiga upya. Sauti zote zilikuwa zimepanda, nyembamba, kama za watoto. "Na huu?"

"Uleule," alisema Settchen. "Umekunywa zaidi, basi."

"Uleule! Na hakuna hata glasi moja inayotoa sauti iliyotoa mwanzo. Kila kitu kimebadilika na wimbo upo. Sasa wimbo ulikuwa wapi, ikiwa haukuwa kwenye zile sauti?" Alikiinua kijiko. "Kwetu Austria, miaka ishirini hivi iliyopita, mtaalamu mmoja aliandika juu ya jambo hili hili. Alisema wimbo si sauti moja kuongeza nyingine kuongeza nyingine. Kuna kitu kinachozaliwa zinapokaa pamoja, na ukizitenganisha hukipati popote. Akatafuta jina la kitu hicho, akachukua neno: gestalt."

"Hilo neno ni langu la kila siku," alisema Settchen. "Nikimwona mtu kwenye daraja la mto, katika ukungu, sijamjua macho wala pua, nasema hiyo gestalt ni ya Velten. Umbo lake zima. Mmelichukua bila hata kubisha hodi."

"Tumeliazima, mama. Na ndicho hasa tunachomaanisha: ulimjua mzima kabla ya kujua vipande. Kule Akademia sasa tunatazama mistari miwili ya mwanga. Unawaka huu, unazimika, unawaka ule. Hakuna kinachosogea, naapa, lakini jicho linaona mstari mmoja unaruka. Jicho halijumlishi. Linaona zima."

Velten alikuwa akikizungusha kisahani cha chumvi. "Kwa hiyo sauti zote zinaweza kubadilishwa," alisema, "na wimbo usidhurike."

"Ndiyo, Baba Dauth!"

"Basi Velten mmoja akitolewa, wimbo utakosa nini?"

Ottokar alikishusha kijiko. Alikuja kumfariji mwenye nyumba na badala yake amemkabidhi shoka. "Zilibadilika zote pamoja," alisema hatimaye. "Sikutoa hata moja. Ukitoa moja... inategemea ipi." Settchen alimtazama kwa jicho lile la kumwambia mtu nyamaza, naye akamalizia glasi.

Wiki ya Pentekoste ikakaribia. Velten hakuweza kukaa nyumbani Alhamisi. Alimwambia mkewe kwamba pindo la bendera limefumuka na lazima alipeleke likatazamwe, akaiviringisha bendera kwapani, akatoka. Settchen mwenyewe ndiye aliyelishona pindo hilo juzi yake, lakini alimwacha aende. Miguu ilimpeleka uani kwa kilabu, chini ya dirisha la chumba cha nyuma, lililokuwa wazi kwa sababu ya moshi wa viko. Akasimama karibu na mapipa matupu, ambayo angalau aliyatengeneza mwenyewe, akasikiliza.

Alisikia kijiti kikigonga meza mara mbili. Kimya. Kisha kwaya ikaanza, na ikaanza vibaya: wenye sauti ya tenori mbele, wa besi nyuma, mzee wa posta akifika mwisho wa neno wenzake wameshatoka.

"Mmekuwaje?" ilisikika sauti ya Emmerich. "Mlikuwa mkianza kama mtu mmoja. Nimewachuja, mmekuwa safi, sasa mnaanza kama mbuzi wanaotoka zizini. Tena!"

Wakati huo Ottokar alikuwa anarudi kutoka Akademia, akikata njia uani hapo. Alimwona mwenye nyumba yake amejibana ukutani na bendera, akataka kusema kitu, Velten akamwashiria kwa kidole mdomoni asiseme. Ndani kijiti kikagonga, mara mbili. Na Velten, bila kukusudia, kwa mazoea ya maisha, akavuta pumzi. Pua ikalia uani. Ndani, wanaume wote wakaingia kwa pigo moja, safi kama mlango uliofungwa vizuri.

"Ndiyo hivyo!" alisema Emmerich. "Mnaona? Tena."

Kijiti, pua, kwaya. Tena vilevile. Ottokar aliitazama ile pua kama mtu anayeona pua kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo mzee wa posta alipoharibu mambo. "Kuna upepo," alisema. "Unaniingia shingoni." Sasa mtu wa Frankfurt atavumilia vita, kodi na mkwe, ila upepo wa dirishani hauvumilii. Viti vikasogezwa, dirisha likafungwa kwa komeo. Kijiti kikagonga. Velten akavuta pumzi yake kwenye kioo, na ndani kwaya ikamwagika vipande vipande.

Kukawa na malumbano. Kisha dirisha likafunguliwa tena kwa kishindo. "Ni hewa!" Emmerich alikuwa akisema. "Tulipokuwa na hewa tuliimba. Hii ndiyo siri ya Bornheim, wanaimba madirisha wazi, washenzi wale. Mwenye kuogopa shingo aifunge." Watu wazima wakajifunga skafu na leso, wengine wakapandisha kola za makoti, mwezi wa tano huo. Kijiti, pua, kwaya. Ikaingia kama askari. Emmerich akaanza kuhutubia juu ya hewa safi na mapafu ya Kijerumani.

Ottokar alijitahidi. Alijiziba mdomo kwa kofia, akauma ukingo wake, kisha akaketi chini kati ya mapipa akicheka kwa kwikwi. Masharubu ya Emmerich yakachomoza dirishani, na macho juu yake yakamwona Velten Dauth na bendera kwapani, mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Nilikuwa napeleka pindo," alisema Velten.

Wakamwingiza ndani, na Ottokar, akijifuta machozi, akaeleza. Hawakumwamini. Basi akamfanya Velten abane pua kwa vidole: kwaya ikatawanyika. Akamfanya aachie: ikakusanyika. Mtengeneza kufuli akakiri kwamba yeye, kwa miaka yote, hakuwahi kukitazama kijiti hata mara moja. Mzee wa posta naye akasema vivyo hivyo. Hawakujua walikuwa wakingoja nini, ila walikuwa wakingoja kitu, na kitu hicho kilipokuja waliingia. Si noti, si neno, hakikuandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, na Emmerich alipokuwa akipima sauti moja moja hakikuwepo kwenye mizani.

Emmerich aliyashika masharubu yake pande zote mbili. "Sawa," alisema. "Nakubali. Ndugu Velten, rudi mstarini. Utasimama mahali pako, utavuta pumzi..." Akasita. "Na utafunga mdomo."

Velten hakuwa mtu wa kubishana, basi alirudi mstarini, akasimama. Kijiti kikagonga. Akavuta pumzi. Pua ililia, kidogo, ya kawaida tu, pumzi ya mtu anayengoja kunyolewa. Nusu ya kwaya iliingia na nusu ikabaki.

"Vuta kama ulivyovuta nje!"

"Siwezi," alisema Velten. "Nje nilikuwa naimba."

"Hatukukusikia."

"Moyoni nilikuwa naimba. Konrad, nikijua siimbi, ninavuta pumzi ya kuishi tu. Ile nyingine inakuja yenyewe, kwa sababu wimbo unakuja. Sina namna ya kuwapa pua nikabaki na sauti." Akaikumbatia bendera. "Mnichukue mzima, au nirudi nyumbani na kitambaa changu."

Emmerich aliiangalia bendera ile. Huenda aliifikiria Bornheim. Huenda aliifikiria ile hongera aliyompa mwenzake. Kisha alimwendea, akamnyang'anya bendera, akaisimamisha pembeni.

"Nilikukosea," alisema. "Imba, ndugu yangu. Na Mungu atusamehe sote."

Msituni, Jumanne ile, walishika nafasi ya pili. Bornheim walichukua kikombe, kama kawaida. Mwamuzi alisema hajawahi kusikia kwaya inayoanza namna ile, kana kwamba ni kifua kimoja, ila katika besi ya pili kuna kitu ambacho hakukielewa. Settchen alikuwa ameketi nyasini na kapu la mayai. Alimgusa Ottokar kwa kiwiko.

"Ndiyo hiyo gestalt yenu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Ningeijua mapema ningewaambia. Mimi nimelala nayo miaka yote."

Jioni, watu wa Bornheim walipopita na kikombe mbele ya bucha, walikuta Upatano nzima imejipanga mlangoni. Kijiti, pua, wimbo wa wavushaji. Wakabaki wamesimama na kikombe chao hadi ubeti wa mwisho, kisha wakaulizana njiani mbona wao hawajisikii kama walioshinda. Emmerich aliisimulia hadithi hiyo mpaka ikachakaa.

Velten aliimba miaka mingi baada ya hapo. Vita ilikuja ikachukua karibu waimbaji wote wa tenori, njaa ikaja, fedha ikawa karatasi tu, na kila Alhamisi pua ile ililia chumba cha nyuma na waliobaki wakaingia pamoja. Alikufa kitandani mwake, majira ya baridi ya 1929, baada ya kula vizuri. Settchen alisema alijua kabla ya kuwasha taa, kwa ukimya.

Chama huimba kaburini kwa mwenzao, hilo halina mjadala. Upatano walisimama kwenye theluji, wachache, weupe wa nywele, bendera imefungwa kitambaa cheusi. Ottokar alikuja kwa treni kutoka Berlin, sasa ana upara na miwani. Emmerich aligonga uma wa sauti kwenye jiwe, akauweka kwenye sikio lake zee, akainua mkono, akaushusha.

Hakuna aliyeingia. Waliutazama mkono wakangoja. Aliuinua tena, akaushusha, na mtengeneza kufuli akafungua mdomo ukabaki wazi. Hawakuwa wamesahau wimbo. Walikuwa wakikisikilizia kile kitu, na kile kitu kilikuwa ndani ya shimo. Machozi yalianza kumtiririka Emmerich kwenye masharubu, na mkono ukabaki juu.

Ndipo Settchen, aliyesimama ukingoni na shali yake nyeusi, alipobana kwa kidole upande mmoja wa pua na kuvuta pumzi. Ilitoka kubwa, ya mvukuto, na kikwaruzo chake kidogo mwishoni, ileile aliyoilalamikia na kisha kuilalia. Wanaume wote wakaingia kwa pigo moja.

Waliimba beti zote. Walipomaliza, Ottokar alimwendea akitaka kusema neno, na neno halikupatikana, lake wala la kuazima. Settchen alimfunga skafu vizuri shingoni.

"Twendeni nyumbani," alisema. "Kuna upepo."